Mahakimu wasiolipwa wa England: nani anamudu kuwa mmoja wao?

Mtu akishtakiwa kwa kuiba dukani huko England au Wales, mara nyingi atawakuta mbele yake mahakimu watatu. Huenda mmoja ni mwalimu mstaafu, mwingine muuguzi, wa tatu fundi bomba. Hawahitaji kuwa wamesomea sheria wala hawalipwi mshahara. Chini yao kidogo ameketi mwanasheria wa mahakama. Yeye huwaeleza sheria inasemaje, lakini hatia na adhabu wanaamua wao, kila mmoja kwa kura yake. Utaratibu huu umeanzia kwenye sheria ya mwaka 1361, na leo zaidi ya asilimia 90 ya kesi za jinai huanzia na kuishia katika mahakama hizi.

Wanaoupinga wana hoja nzito. Tangu Novemba 2024 mahakimu hawa wanaweza kumfunga mtu hadi miezi 12 kwa kosa moja. Kwa nini uhuru wa mtu uwe mikononi mwa asiye mwanasheria, wakati wapo majaji wa wilaya, wanasheria wanaolipwa, wanaoketi peke yao na kumaliza kesi haraka?

Mimi haraka hiyo hainivutii. Anayesikia utetezi uleule kila siku, mwaka nenda mwaka rudi, huanza kuwa na jibu kabla mshtakiwa hajafungua mdomo. Watatu wakiingia chumba cha nyuma kushauriana, kila mmoja analazimika kuwaeleza wenzake kwa nini anaamini anachoamini.

Kinachonisumbua ni namna wanavyopatikana. Mtu yeyote kuanzia miaka 18 anaweza kuomba, ingawa polisi hawaruhusiwi. Hutakiwa kwanza kwenda mahakamani kutazama kesi, kisha kamati ya eneo humsaili ipime uadilifu na busara yake. Hapo sina neno. Ugumu uko kwenye siku: angalau 13 kwa mwaka, mbali na mafunzo. Sheria inamtaka mwajiri atoe ruhusa, haimtaki alipe, na posho ya kufidia kipato ina kikomo. Dereva wa basi akipiga hesabu ya kodi ya nyumba, anaghairi. Mwenye pensheni anabaki. Mwaka 2022 umri wa kustaafu ulipandishwa kutoka miaka 70 hadi 75. Wazoefu wakaongezewa muda, lakini dereva yule bado yuko nje. Kabla ya kuzungumzia kuwaondoa mahakimu hawa, ningetaka kwanza alipwe kile hasa anachopoteza siku anayoacha usukani kwenda kusikiliza kesi.