Skripti yako au huduma ya kulipia: nani aangalie kama tovuti iko hewani?

Skripti fupi ya bash (lugha ya amri za Linux) inayoendeshwa kila dakika na cron, kipanga-ratiba cha seva, inaweza kufanya kazi ambayo wengi huilipia kila mwezi. Wanaoitetea wana hoja nzito. Ukaguzi wa kawaida huridhika ukipata jibu la 200, msimbo wa seva wa "sawa", ilhali ukurasa ulioandikwa "hifadhidata haipatikani" nao unaweza kurudi na 200 hiyohiyo. Mwenye tovuti ndiye anayejua neno gani lazima lionekane, kwa mfano bei inayotoka kwenye hifadhidata, na skripti yake italitafuta.

Mtego uko hapa: ukiunganisha curl (inayovuta ukurasa) na grep (inayotafuta neno) kwa bomba, yaani alama ya |, bash hukupa matokeo ya grep peke yake, chanzo cha hitilafu kikapotea. Hifadhi jibu kwenye faili kwanza, kisha usome msimbo ambao curl huacha inapomaliza: 6 ni DNS, mfumo wa majina ya tovuti, kushindwa kutafsiri jina, 7 ni muunganisho kushindikana, 28 ni muda kuisha, 60 ni cheti cha usalama kutothibitika. Anayeamshwa saa nane usiku anahitaji sana tarakimu hiyo. Ipe curl pia --max-time 10, yaani kikomo cha sekunde kumi. Bila kikomo hicho, seva ikinyamaza katikati ya jibu, skripti zitarundikana. Amri ya flock -n huzuia nakala ya pili ya skripti isianze ya kwanza ikiwa bado inaendelea. Tahadhari itumwe baada ya kushindwa mara tatu mfululizo. Utachelewa dakika mbili hivi, lakini lengo la tovuti kuwa hewani 99.9% ya muda linaruhusu takriban dakika 43 za kutopatikana kwa mwezi, na simu isiyolia ovyo ndiyo inayopokelewa.

Ping pekee, amri inayouliza tu kama seva ipo, haitoshi: seva hujibu hata programu ya wavuti ikiwa imekufa.

Upande wa pili una hoja ambayo ustadi wa kuandika skripti hauwezi kuijibu: mlinzi yuko wapi? Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook ilipotoweka kwenye intaneti, zana za ndani za wahandisi wake nazo zilikwama. Nyaya za intaneti za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika tarehe 12 Mei 2024, skripti iliyokaa Dar es Salaam ingeweza kuripoti kuwa tovuti ya Ulaya imeanguka huku wasomaji wa kule wakiifungua bila shida. Huduma za kulipia hukagua kutoka miji kadhaa kabla ya kupiga kengele. Uptime Kuma, programu huria nzuri kabisa ya kukagua tovuti, ukiifunga kwenye seva moja bado ina jicho moja.

Kwa hiyo ningeachia skripti ukaguzi wa maudhui, na kufikika kwa tovuti kukaguliwe na huduma ya nje. Skripti nayo ilindwe: kila ikimaliza, iite anwani ya huduma kama Healthchecks.io, ambayo hutoa tahadhari mwito usipofika kwa wakati. Mwito huo uwe mstari wa mwisho. Ukiwekwa mwanzoni, utaendelea kutangaza uzima hata ukaguzi wenyewe unapokufa njiani.