Kijana Anayetaka Kushika Chaki Aambiwe Nini?

Steshenari iliyo jirani na stendi ya mji wetu hufurika mara mbili: zikitangazwa ajira za walimu, na yakitoka matokeo ya kidato cha sita. Julai iliyopita nilikwenda pale kutoa kopi za mtihani, nikakuta makundi yote mawili yamekutana kwenye benchi moja. Kijana mmoja, mhitimu wa shahada ya ualimu wa mwaka 2019, alikuwa akihuisha taarifa zake kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira. Vyeti vyake vyenye muhuri wa wakili alivibeba kwenye bahasha ya kaki iliyokwisha kuchakaa pembeni. Aliyekaa naye ni binti aliyetoka kumaliza kidato cha sita, anaomba chuo, na chaguo lake la kwanza ni ualimu.

Binti akamsikia kijana akimwambia mwenye duka kwamba hii ni mara yake ya nne kuomba. Akamgeukia. "Kaka, kwa hiyo mimi nisiombe?"

Kijana akanyamaza kidogo, akanielekezea kidole. "Muulize mwalimu, yeye yumo ndani."

Swali lile si la kujibiwa umesimama huku unasubiri kopi. Mimi ni mwalimu wa hisabati katika sekondari ya kata, mwaka wa kumi na moja sasa, na nimelitafakari tangu siku ile.

Ukivuka barabara kutoka steshenari ile unafika kwenye uzio wa shule ya msingi. Darasa la kwanza pale lina watoto zaidi ya mia na ishirini katika chumba kimoja, na mwalimu ni mmoja. Kiwango kilichowekwa na serikali yenyewe ni watoto 45 kwa mwalimu. Upande ule wa barabara mwalimu anatafutwa, upande huu mwalimu anatafuta, na wala hawako mbali. Kijana anayefikiria ualimu leo lazima kwanza alielewe jambo hili, maana ndilo linalowachanganya wazazi na washauri wake.

Lilianzaje? Mwaka 2004 ulikuja Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, na kila kata ikahimizwa kuwa na sekondari yake. Madarasa yakajengwa kwa nguvu za wananchi, walimu hawapo. Ndipo 2005 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikafungua vyuo vishiriki vya elimu vya Chang'ombe na Mkwawa, 2007 kikafuata Chuo Kikuu cha Dodoma, na vyuo binafsi vikaibuka mikoa mingi. Kwa miaka kadhaa mambo yalikwenda vizuri: unahitimu, TAMISEMI, ofisi ya serikali inayopanga walimu vituoni, inatoa majina, unafunga begi na godoro unakwenda kuripoti. Kuanzia kundi la waliohitimu 2015, mlango ule wa moja kwa moja ukafungwa. Na hapo hapo, Januari 2016, ada ikafutwa hadi kidato cha nne, watoto wakamiminika shuleni. Mwanzoni mwa 2025 walimu zaidi ya 200,000 waliomba nafasi zisizofika 15,000. Kilichopungua hapa ni fungu la mishahara. Watoto wa kufundishwa wamejaa tele.

Kwa hiyo mzazi anayemwambia mwanawe "achana na ualimu" nisimwone adui wa elimu. Anasema alichokiona kwa mtoto wa jirani aliyepiga tempo, yaani kufundisha bila ajira ya kudumu, shule binafsi miaka mitano kwa malipo ya kusuasua. Shahada ya ualimu ilikuwa tikiti ya ajira ya serikali, na tikiti ile haipo tena. Anayemhimiza kijana kwa hoja kwamba "mwalimu hakosi kazi" anampa taarifa za mwaka 2012.

Nina ugomvi mkubwa zaidi na wale wanaojibu kila kitu kwa maneno matatu: ualimu ni wito. Naamini upo wito. Bila huo nisingebaki. Lakini neno hili limegeuzwa kizibo. Mwalimu akiuliza malimbikizo yake, ualimu ni wito. Akiuliza nauli ya likizo, wito. Akiuliza kwa nini daraja lake halijapanda wakati wenzake walioanza naye wamepanda, wito. Ukitaka kumvuta kijana mwenye akili zake kwenye kazi hii, mwambie hesabu zilivyo: katika ngazi za mishahara ya walimu wa serikali, mwenye cheti anaanzia TGTS B, mwenye stashahada C, mwenye shahada D, na kama alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu, asilimia 15 ya mshahara inakatwa kila mwezi mpaka deni liishe.

Na mwambie kuhusu kausha damu, mikopo ya mitaani yenye riba kali. Nimewaona walimu vijana, wazuri, wanaopendwa na wanafunzi, wakiingia humo miezi michache tu baada ya kuripoti. Umepangwa kijijini, huna kitanda, huna jiko, mshahara wa kwanza umechelewa. Anatokea mtu mwenye maneno matamu, anakukopesha siku hiyo hiyo, unamwachia kadi ya benki na namba ya siri. Tangu hapo mwisho wa mwezi anachukua yeye kwanza, wewe unaachiwa mabaki, halafu unakopa tena ili ule. Mwenzangu mmoja alikuwa akiingia darasani kidato cha tatu anafundisha vizuri kabisa, na kengele ikilia anabaki amekaa humo humo, kwa sababu mdai wake alikuwa anamsubiri kivuli cha mwembe nje ya ofisi ya walimu. Hakuna chuo kilichomfundisha hilo. Kijana ajue kabla hajafunga begi: hata ukilala kwenye mkeka miezi mitatu, kadi isitoke mkononi mwako.

Kuna pia suala la heshima, nalo lina historia. Mwaka 1974, mjini Musoma, TANU, chama tawala cha wakati ule, iliamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe darasani. Walimu waliohitajika hawakuwepo, wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa huku wanafundisha. Ndio walimu wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Baadaye, kwa miaka mingi, waliopata divisheni ya nne ndio wakaelekezwa vyuo vya ualimu. Mtaa ukahitimisha kwamba ualimu ni kazi ya aliyekosa pa kwenda, na mpaka leo kijana mwenye alama nzuri akisema anataka kuwa mwalimu, shangazi zake wanamwuliza kama anaumwa. Nami ninao ushahidi wa upande wa pili: aliyenifundisha kusoma alikuwa mwalimu wa UPE, na aliifanya kazi hiyo vizuri. Heshima ilishushwa na uamuzi wa kujaza nafasi kwa bei nafuu, sasa wanabebeshwa lawama waliojitolea kuzijaza. Siku hizi sifa za kuingia vyuo vya ualimu ni divisheni ya kwanza hadi ya tatu, jambo jema, ila minong'ono ya mtaani haifutwi kwa waraka.

Sasa upande wa binti yule, anayetaka.

Kwetu mtoto anatoka msingi akiwa amesoma karibu kila somo kwa Kiswahili. Januari anaingia kidato cha kwanza, karibu kila kitabu ni Kiingereza. Mwaka mmoja nilikuwa nafundisha namba hasi. Nimeandika ubaoni, nimechora mstari wa namba, darasa limenyamaza kama msibani. Nikaacha chaki. Nikawauliza nani mama yake ana deni dukani kwa Mangi. Mikono ikanyooka karibu yote. Nikasema mama ana deni la elfu tatu, leo kapata elfu tano, akilipa anabaki na ngapi? Elfu mbili. Basi nikaandika ile ile ya mwanzo ubaoni. Binti mmoja wa nyuma, ambaye tangu mwaka uanze sikuwahi kusikia sauti yake, akasimama bila kuitwa: "Kwa hiyo mwalimu, daftari lote la Mangi ni namba hasi?"

Darasa likalipuka kwa kicheko, na somo likaeleweka. Sijui kazi nyingine ambayo ingenipa dakika ile. Daftari la Mangi lilikuwepo siku zote. Lilikuwa linasubiri mtu wa kuliunganisha na ubao. Kijana anayeona raha kwa mambo ya namna hii, ambaye hata sasa ndiye wenzake wanamfuata usiku wa kuamkia mtihani awaeleweshe, huyo nitamwambia aombe.

Aombe akijua na ramani ilivyo. Anayechukua historia na Kiswahili anaingia kwenye foleni ndefu kuliko zote. Fizikia na hisabati foleni ni fupi zaidi, kwa sababu katika ajira masomo ya sayansi ndiyo hutangulizwa. Mtaala ulioanza 2024 umeleta mkondo wa amali, unaohitaji walimu wenye ufundi mikononi. Elimu maalumu, inayofundishwa Patandi kule Arusha, haina watu wa kutosha. Na kwa kuwa elimu ya msingi inashushwa kuwa miaka sita, darasa la sita na la saba watamaliza pamoja 2027. Januari 2028 kidato cha kwanza kitapokea makundi mawili kwa mpigo. Serikali italazimika kuchagua kati ya kuajiri na kufundisha watoto 150 chumba kimoja. Siwezi kumwahidi binti yule kwamba itachagua kuajiri. Hata hivyo nisingemshauri achukue fizikia huku anaichukia, maana wanafunzi wataijua chuki hiyo ndani ya wiki moja.

Siku ile kopi zangu zilichelewa kwa sababu umeme ulikatika. Nilipogeuka, kijana wa 2019 alikuwa ameokota karatasi iliyoharibika kwenye mashine, ameigeuza nyuma, anamchorea binti safu mbili: huku shahada ya sayansi yenye elimu ndani yake, huku shahada ya elimu upande wa sayansi, kila moja ina masomo gani, na ukikosa ajira ipi inakuacha na mlango mwingine. Binti alikuwa anauliza, naye akirudi mwanzo, anafuta kwa kidole, anaeleza upya kwa mfano mwingine. Mwenye duka aliwasha jenereta, mashine ikaanza kunguruma tena, na hakuna kati yao aliyeinua kichwa.