Shilingi tano za kila lita

Jumanne asubuhi yalianguka manyunyu tu, ya kulowesha kola, na nauli ya Donholm hadi katikati ya Nairobi ikaruka kutoka 50 hadi 80. Tukapanda, tungefanyaje? Kisha tukakwama barabara ya Outer Ring.

Dirishani nikamwona mzee mmoja juu ya baiskeli ya Black Mamba, amevaa gambuti, amefunga kikapu cha vifaa nyuma. Kando yake kuna njia ya baiskeli, imejengwa vizuri kabisa, lakini imejaa viatu vya mitumba vilivyopangwa jozi kwa jozi, na mbele kidogo boda zimeigeuza stendi. Kwa hiyo mzee alikuwa akijipenyeza kati ya matatu na lori. Akatupita. Hatukumwona tena.

Nilibaki nikiwaza pesa. Kila lita ya petroli au dizeli hukatwa shilingi 25 za kutunza barabara. Hadi Julai 2024 zilikuwa 18. Mwenye matatu hazitoi kwake, huzitoa kwetu kupitia nauli. Sisi abiria ndio wachangaji, na tumekula nini? Expressway ya kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa 2022. Ukiwa na baiskeli, boda au miguu yako miwili, huruhusiwi kuikanyaga. (Nimeipita mara mbili, kwa gari la mjomba. Ni tamu, sikatai.) Thika Road ilichorwa mstari mwekundu wa mabasi ya kasi 2018, rangi ikafika kabla ya basi. Njia tano za mabasi hayo zilishapewa majina, Ndovu, Simba, Chui, Kifaru na Nyati, ila mbuga yenyewe bado haina mnyama.

Katikati ya jiji, ni kweli, tulitengenezewa njia za kupendeza za miguu na baiskeli: Kenyatta Avenue, Muindi Mbingu, Wabera. Lakini nani analala Wabera? Watu wanatoka Mukuru, Kayole na Dandora, wengi wao kwa miguu, gizani, wakiruka mitaro.

Mwaka 2015 kaunti yenyewe iliandika sera kwamba asilimia 20 ya pesa za barabara ziende kwa wanaotembea na waendesha baiskeli. Basi tuichukue kwa neno lake, na serikali kuu ifuate kipimo hicho hicho. Asilimia 20 ya 25 ni shilingi tano kwa lita. Ziwekwe kapu lake, zisichanganywe na lami. Zinunue taa, nguzo za kuzuia boda, na soko la yule mama wa viatu, maana ukimfukuza bila kumpa pa kwenda atarudi kesho, na ana haki.

Najua jibu litakuwa mashimo ni mengi na pesa ni chache. Sawa, lakini Mamba haichimbi shimo. Lori ndilo linalochimba. Na magavana na wabunge walipovutania bilioni 10.5 za ushuru huu, baiskeli sikuisikia ikitajwa hata kwa bahati mbaya.

Jioni nilisimama kwa fundi wa baiskeli karibu na stendi yetu, nikaulizia Mamba ya mitumba. Alinitajia bei, tukapatana karibu kabisa. Akafuta mikono kwa kitambaa, akatazama magari yaliyojaa barabarani.

“Nikuuzie, sawa. Lakini dada, utapitia wapi?”