Bakuli Lililotoroka Karakana

Mimi nakereza mbao hapa Keko, Dar es Salaam, na sikatai, ni bahili. Lakini ubahili wangu una sababu. Ukitaka bakuli la pilau, unachukua pande la mwembe la upana wa sentimita 40, unalifunga kwenye mashine, unalichimba katikati mpaka libaki ganda. Vya ndani vyote vinakuwa maranda. Yaani nanunua gogo, nauza ganda, na nyama anaibeba jirani yangu mfuga kuku, bure, kwa viroba. Kuku wake wanalalia mabakuli yangu.

Basi siku moja nikaona kwenye simu mzungu ana kisu kilichopinda kama mundu. Pande linazunguka, yeye anakizamisha kisu taratibu karibu na ukingo, kinafuata upinde wake kwenda chini, kinapita chini kwa chini mpaka katikati, halafu bakuli la ndani linachomoka zima kama kokwa la embe. Pande moja, mabakuli matatu! La pilau, la kachumbari, la pilipili. Nikapiga hesabu ya viroba nilivyogawa miaka yote hiyo, usingizi ukakata.

Bei ya kile kisu niliiuliza mara moja tu. Kesho yake nikaenda Gerezani kwa mhunzi na kipande cha springi ya lori. Pande langu lilikuwa na kimo cha sentimita 17, nikamwambia kisu kishuke 14, kitako kibaki 3. Akanitazama. "Fundi, umeacha mbao unaenda kuvuna mpunga?"

Cheka tu, lakini alikipinda vizuri. Upinde ukiwa na kigongo popote, kisu kinabanwa kwenye mfereji wake mwenyewe na mota inaanza kunguruma kama ng'ombe. Nikakifungia kwenye nguzo ya chuma ili kizunguke palepale, kisijiamulie njia.

Tatizo lilikuwa jambo dogo sana nililolifanya usiku. Pande lilikuwa na nyufa upande mmoja na gamba upande wa pili, nikalikata nikalisawazisha. Likabaki sentimita 12. Kichwani mwangu likaendelea kuwa 17.

Asubuhi nikalikaza kwa skrubu kwenye sahani ya chuma, ile ya mashine inayolizungusha pande. Mizunguko 500 kwa dakika, si zaidi, kijana wangu akae kwenye swichi. Mfuga kuku naye alikuwa mlangoni na viroba vyake, kanuna. "Sasa kuku wangu watalalia nini?" Nikamjibu kwa madaha kwamba zama za maranda ya bure zimekwisha.

Kisu kikaingia. Jamani, raha! Mbao mbichi inatoka nyuzi ndefu zenye maji, zinanukia embe. Kila nikizama kidogo nakirudisha nyuma niondoe maranda, la sivyo mfereji unaziba. Nilikuwa nimesikia kwamba bakuli la ndani likikaribia kuachia, mlio unabadilika. Kweli, mlio ukabadilika. Kutoka kukoroma ukawa mluzi. Nikasema Alhamdulillahi, kijana, sogea uone.

Kilichoachia hakikuwa cha ndani. Kisu kilikuwa kimetokea nyuma, pembeni kidogo tu ya sahani. Kiini kimekaa kwenye mashine kinazunguka kwa amani zake, na bakuli kubwa, lile la pilau, limebaki linaning'inia kwenye kisu kama bangili mkononi, nalo linazunguka. Likaruka mara moja, likagusa sakafu, likashika njia. Likampita mfuga kuku katikati ya miguu, akabaki amekumbatia viroba. Likavuka barabara, bodaboda akafunga breki akatukana ukoo wa mtu asiyemjua. Nyuma yake mimi, na nyuma yangu kijana anapiga kelele, "Fundi, nizime mashine au nisizime?"

Likaenda kulala chini ya meza ya mama ntilie. Nilipofika nahema, alikuwa ameshaliinua, anachungulia. Upande wa pili nikaliona jicho lake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hiki nini?"

"Bakuli, mama."

Akapitisha mkono kwenye tundu mpaka kwenye kiwiko, asiseme kitu. Halafu akaliweka mezani, akachukua chungu chake cha maharage, kile chenye kitako cha duara ambacho siku zote anakiegemezea matofali, akakikalisha juu yake. Kikatulia tuli. Akakisukuma kwa kidole. Hakikutikisika.

"Shilingi ngapi?"

Sikuwa na bei ya kitu kile. Nikala sahani ya wali maharage, nikahesabu deni limekwisha. Nilipogeuka kuondoka akaniita.

"Mwanangu, chungu cha mchuzi nacho hakina pa kukaa. Nitengenezee kingine. Ila angalia usije ukakosea ukakiwekea kitako."