Kibali cha Friji Hakipo, Leseni ya Fundi Ipo

Watu wengi wa Nairobi wanapotaka kubadilisha friji, jiko la umeme au shawa ya kuogea, huanza kwa kuuliza ni ofisi gani inayotoa kibali. Kwa kawaida, kuondoa chombo kilichoharibika na kuweka kingine cha aina ileile, pahali palepale, hakuhitaji kibali cha kaunti wala cha Kenya Power. Kinachodhibitiwa na sheria ni mtu anayegusa nyaya za nyumba, na kwa maoni yangu hapo ndipo tunapozembea sana, kwa sababu tunaweza kushinda barabara ya Luthuli mchana kutwa tukipatana bei ya chombo, kisha kazi ya kukifunga tukamkabidhi yeyote aliyetajwa na mlinzi wa lango.

Chini ya Sheria ya Kawi ya mwaka 2019, kazi ya kuweka nyaya za umeme katika jengo ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA, yaani mamlaka inayodhibiti kawi na petroli. Leseni hizo zina madaraja, kuanzia C2 hadi A1, na kila daraja lina mipaka ya kazi ambayo mwenyewe anaruhusiwa kufanya. Kumwomba fundi akuonyeshe leseni, ukaangalia daraja na tarehe ya kuisha kwake, si utovu wa adabu, ingawa wengi wetu huona haya na kuhofia kwamba fundi ataudhika au atapandisha bei. Dereva wa matatu huombwa leseni barabarani kila uchao, na sioni kwa nini mtu anayefungua boksi la umeme la nyumba wanamolala watoto asiombwe yake.

Shawa ya umeme, ile inayopasha maji papo hapo, ndiyo inayonisumbua kuliko vyombo vingine vyote. Nyingi zinazouzwa mjini ni za takriban wati 5,500, na kwa umeme wetu wa volti 240 shawa kama hiyo huvuta karibu ampea 23, ilhali plagi ya kawaida ya miguu mitatu huwa na fyuzi isiyozidi ampea 13. Kwa hiyo shawa inahitaji laini yake yenyewe kutoka kwenye boksi, waya usiopungua milimita 4 za mraba, breka yake, yaani swichi inayojikata umeme ukizidi, na swichi nyingine inayokata nyaya zote mbili. Katika ploti nyingi za zamani laini hiyo haikuwahi kuwekwa, na fundi wa haraka huunganisha shawa kwenye waya wowote alioukuta karibu, pengine ule wa taa. Ukiifungua baada ya kuungua, utakuta konekta ya plastiki imeyeyuka na kuwa nyeusi, shaba imebadilika rangi, tepu imekunjamana, na mara nyingi waya wa kijani na manjano umekatwa na kusukumwa ukutani bila kuunganishwa popote. Huo ni waya wa erthi, unaopeleka ardhini umeme uliovuja, na katika shawa nyingi za aina hii elementi, yaani waya unaopasha maji, imelala wazi ndani ya maji yaleyale yanayomwagikia kichwani. Fundi atakwambia kwamba elementi imeungua, atakuuzia nyingine, na baada ya muda utamwita tena kwa kuwa tatizo la waya liko palepale.

Maji nayo yana neno. Katika mitaa inayotegemea visima vya kuchimbwa, maji yenye chumvi hupitisha umeme kwa urahisi zaidi na huacha gaga kwenye elementi, ndiyo maana kuna shawa zinazotengenezwa mahususi kwa maji ya chumvi. Muuza duka anayejua kazi yake hukuuliza maji yako ni ya mfereji wa jiji au ya kisima kabla hajatoa boksi.

Kuhusu friji, mimi ni mtetezi wa kutengeneza. Themostati, rilei, feni na mpira wa mlango ni spea zinazopatikana mjini, na friji nyingi zinazotupwa baada ya stima kupotea na kurudi kwa kishindo zimeharibika kipande kimoja tu. Ninachokitilia shaka ni ile tiba ya kila ugonjwa inayoitwa kujaza gesi. Gesi ya friji haitumiki ikaisha. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua maana yake kuna tundu, kwa hiyo anayejaza bila kulitafuta anakuuzia baridi ya muda. Tena soma kibandiko kilicho karibu na kompresa. Kama kimeandikwa R600a, hiyo ni isobutani, ndugu wa gesi ya kupikia, na fundi anayewasha tochi ya kuchomelea bila kuitoa kwanza na kufungua madirisha hafai kuendelea na kazi. Tundu likiwa ndani ya kuta za friji, au kompresa ya friji kuukuu ikifa, hapo ninakubali kununua mpya, na ninatazama kibandiko cha nyota kilicholetwa na kanuni za mwaka 2016, kwa kuwa friji isiyopumzika hula tokeni za umeme usiku na mchana.

Mpangaji anahitaji pia idhini ya mwenye nyumba, nayo iwe ya maandishi, hasa panapohitajika laini mpya. Kuhamisha jikoni au kubomoa ukuta ni suala la kaunti, na kubadilisha umeme wa nyumba kutoka fezi moja (waya mmoja wa moto) kwenda fezi tatu ni la Kenya Power.

Chombo kilichoondolewa nacho kina sheria zake. Mnunuzi wa vyuma chakavu anatakiwa kuwa na leseni tangu sheria ya mwaka 2015, lakini wengi wetu huuza friji mbovu kwa anayepita na mkokoteni, ambaye hukata bomba la shaba papo hapo na kuiachilia gesi hewani. Sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 inawawajibisha wanaotengeneza na kuingiza bidhaa nchini hadi bidhaa hizo zinapokuwa taka. Ningependa wajibu huo uanzie dukani: kila shawa inayouzwa iandikiwe kwenye risiti ukubwa wa waya na wa breka inayohitaji, na dhamana isikubaliwe bila nambari ya leseni ya fundi aliyeifunga. Wauzaji watalalamika kwamba wateja watakimbilia duka la jirani, kwa hiyo agizo hilo lingelazimika kuyahusu maduka yote kwa siku moja.