Ndugu Ishirini na Wanane na Mjomba wa Turubai

Leo asubuhi, kabla sijamaliza kipande cha pili cha muhogo, simu ililia, na aliyekuwa akipiga ni mwenye Coaster. Alinijulia hali, akamjulia hali mke wangu, akawajulia hali wajukuu kwa majina, na papo hapo nikajua kwamba nimekwisha, kwa kuwa mwenye gari hamkumbuki mjukuu wa mtu bure. Kisha, kwa sauti ya mtu aliyekuja matangani, aliniarifu kwamba safari yetu ya Jumamosi ya kwenda kwenye ndoa ya mpwa wangu, kutoka Bombo hadi Masindi, hapa Uganda, haitakuwa tena shilingi 700,000 tulizokubaliana, bali 950,000. Nilimuuliza kama Masindi imehamishwa. Akajibu kwa upole kwamba Masindi ipo pale pale, ila amesikia redioni kuwa adhabu za wenye mabasi ya kukodi wasio na leseni, pamoja na madereva wao, zinaongezwa makali, na kwa hiyo hatari ya kazi yake imepanda.

Naomba jambo hili litazamwe polepole. Mtu hana leseni. Serikali inataka kumwadhibu kwa kukosa leseni. Yeye amekaa chini, amepiga hesabu, ameiona faini inavyopanda, na badala ya kwenda kuitafuta leseni ameitia faini hiyo katika nauli yangu mapema, kabla hata ya kukamatwa. Yaani mimi, mwalimu mstaafu mwenye kisukari na suti moja, nimekuwa mlipaji wa kosa ambalo bado halijatendwa na ambalo likitendwa si langu.

Wala mimi si mgeni wa mambo haya. Sheria yetu ya barabara inataka kila gari linalobeba abiria kwa malipo, liwe la stendi au la kukodi, liwe na leseni ya PSV, yaani ya gari la abiria, kutoka Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, na dereva wake awe na pamiti ya udereva ya daraja linalolingana na gari analoliendesha. Kiwango cha faini katika sheria zetu hakiandikwi kwa shilingi bali kwa pointi, na pointi moja ni shilingi 20,000, ili fedha ikishuka thamani waziri aibadilishe thamani ya pointi bila kufumua sheria nzima. Ni mpango wa akili sana. Mwenye Coaster naye ana mpango wake wa akili, kwa sababu kila pointi inayoongezwa huko juu yeye huigawanya kwa viti ishirini na vinane.

Gari lenyewe nalijua, maana ndilo lililotupeleka Masindi mwezi uliopita kumposea mpwa wangu huyo. Nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya usafiri, cheo nilichopewa nilipotoka kikaoni kwenda kutawadha. Kila mtu alichanga 25,000, nami niliziandika katika daftari kwa wino mwekundu na wa buluu. Tuliondoka baada ya alfajiri, wanawake wakiwa na gurbaba zao mpya, vazi letu Wanubi, na sinia zilizofunikwa makawa ya rangi, wanaume tukiwa na kanzu zilizopigwa pasi kiasi cha kuweza kusimama zenyewe. Tulipofika Wobulenzi dereva alisimama, akapanda mtu tusiyemjua akiwa amekumbatia turubai la buluu lililoviringishwa, lile la kuanikia mahindi. Nilipouliza, dereva aliniambia nisiwe na wasiwasi kwani mtu huyo anashuka Kafu, jibu ambalo mpaka leo sijaelewa linahusiana vipi na swali langu.

Tulipokwisha kuipita Kakooge, dereva alipunguza mwendo na kutugeukia huku gari likiendelea kwenda, jambo ambalo peke yake lingestahili pointi kadhaa. Alitufundisha kwamba mbele kuna askari wa barabarani, na kwamba tukiulizwa, sisi sote ni ndugu wa damu moja, gari ni la familia, na hakuna aliyelipa chochote. Akatukaririsha. Nikaona haya kwa niaba ya taaluma yangu, lakini nami nikakariri.

Askari alikuwa amevaa nguo zake nyeupe ambazo sijui huzifuaje na vumbi la barabara ile. Alichungulia ndani akauliza, "Nyinyi wote ndugu?"

"Wote, afande!" tuliitika kwa pamoja, kama darasa la tatu lililopewa majibu kabla mkaguzi hajaingia.

Kwa kuwa uenyekiti una heshima yake, nikasimama, kichwa kikagonga dari, na nikamweleza kwa Kiswahili nilichokuwa nimekiweka akiba kwa siku kama ile kwamba sisi ni ukoo mmoja unaoelekea katika shughuli ya kheri, na kwamba katika msafara huu hakuna aliyetoa wala aliyepokea ujira. Askari alijinyoosha, akaniuliza, "Mzee, ulikuwa jeshi?" Hapa kwetu mtu akinyoosha Kiswahili hadi mwisho wa sentensi hudhaniwa kwamba ama ametoka kambini ama amekuja kumkamata mtu. Nikanyamaza kwa namna isiyokubali wala kukataa, na nadhani mambo yangeishia pale kama jicho lake lisingetua juu ya turubai.

"Wewe ni nani wa bwana harusi?"

"Mjomba," alisema yule mtu, bila hata kukohoa.

"Bwana harusi anaitwa nani?"

Mjomba alilitazama turubai lake kana kwamba jina limeandikwa pale. "Sisi nyumbani humwita Kijana."

"Na mama yake?"

"Ni dada yangu."

"Yuko wapi?"

Mjomba aliinamisha kichwa. "Alitutoka, afande. Mungu amweke pema."

Dada yangu, mama mzazi wa bwana harusi, ambaye alikuwa kiti cha nyuma yake akiwa na afya tele na sinia ya kaimati mapajani, alitoa "Astaghfirullah!" iliyosikika hadi ng'ambo ya barabara. Kuna waliocheka, nami nilikuwa mmoja wao, na hilo dada yangu hajanisamehe.

Hata hapo bado tungeweza kujitetea, kwa kuwa katika ukoo wowote huwa kuna mtu mmoja asiyejua aliye hai na aliyekufa. Lakini kiti cha mbele alikuwa ameketi shangazi wa marehemu baba yangu, ambaye sote twamwita haboba, yaani bibi, mwanamke ambaye tangu arudi Makka ameapa kwamba ulimi wake hautagusa uongo. Alifungua kioo na kumwita askari kwa kidole.

"Mwanangu, mimi siwezi kudanganya njiani. Mwalimu alichukua kwangu elfu thelathini, na nauli ni elfu ishirini na tano. Mwambie anirudishie elfu tano yangu."

Sikupata kumwona mtumishi wa serikali akiandika kwa furaha kama ile. Aliomba hata daftari langu, akalisifu kwa unadhifu. Kisha akadai pamiti ya dereva, ikaonekana ni ya daraja B, ya gari dogo, wakati basi la kati linadai DM. Leseni ya PSV haikuwapo kabisa. Tairi la nyuma la kushoto lilikuwa na upara kunishinda mimi. Gari likazuiliwa, dereva akaandikiwa yake, mwenye gari naye akaandikiwa yake ingawa hakuwapo, nasi wakwe watarajiwa tukabaki kando ya barabara na makawa yetu vichwani mpaka lori la matenga matupu lilipotuhurumia. Tulifika Masindi baada ya Alasiri. Kanzu zilikuwa na rangi ya barabara, na baba wa binti alitupokea kwa maswali mawili tu kuhusu uwezo wa kijana wetu. Nauli haikurudishwa, kwa maelezo kwamba imeingia katika faini.

Ningependa kusema kwamba nilikuwa upande wa haki, lakini tairi lile nililiona asubuhi kabla ya kupanda. Nililiona, nikasema Bismillahi, nikapanda, na nikawapandisha wengine ishirini na saba. Nchi hii ilipoteza zaidi ya watu 5,000 barabarani katika mwaka 2024 pekee, na barabara ile tuliyopita, iendayo Gulu, inachukua fungu lake kila mwaka, kwa hiyo sina neno na askari wala na adhabu, hata zikifika pointi mia. Ninachouliza, na ninauliza kwa hasira sasa, ni kwa nini adhabu ikishuka kutoka huko juu inampita dereva, inampita mwenye gari, inakuja kukaa juu ya kanzu yangu! Juni 2025 kamera za barabarani zilipoanza kuwatoza watu 200,000 na 600,000 kwa mwendo, nchi nzima ilipiga kelele hadi mpango ukasimamishwa mwezi huo huo. Sisi abiria wa kukodi tutampigia nani kelele, na tuna daftari lenye ushahidi dhidi yetu wenyewe?

Wenye leseni nimewatafuta leo hii hii. Wa kwanza ana basi la viti sitini na saba, na hatutaki kuonekana kama tunahamia Masindi. Wa pili anataka malipo yote kabla, tena wiki mbili mbele, wakati ukoo wetu haujapata kuchanga shilingi kabla ya Alhamisi. Wa tatu gari lake liko gereji kwa ukaguzi, jambo la kutia moyo, ila halisafirishi mtu Jumamosi.

Basi jioni nilimpigia tena mwenye Coaster, tukajadiliana kama waungwana hadi 850,000. Ameapa kwamba dereva safari hii ana DM, kwamba karatasi ya PSV "inatoka wiki hii", na kwamba matairi ni mapya, nami nimemwambia nitayapapasa kwa mkono wangu. Haboba amekataa kuchanga mpaka elfu tano yake irudi. Mjomba wa turubai, ambaye alipanda nasi lori, akasahau kushuka Kafu, akala pilau Masindi na kuwapendeza wakwe kuliko sisi sote, ameulizwa na baba wa binti kama atakuwapo kwenye ndoa. Nimelazimika kumwandika katika daftari kwa wino wa buluu, kwani amekwisha kulipa zote 30,000, peke yake katika ukoo mzima, na ameomba apandie Wobulenzi kama kawaida na awekewe kiti cha dirishani.