Mgeni njoo, mwenyeji apone? Hesabu ya kadi za maktaba za ng'ambo

Anayesoma vitabu vya Kiingereza kwa simu akiwa Unguja au Pemba huenda ameshaisikia lawama hii, au ameitoa mwenyewe: kwamba maktaba kadhaa za miji ya Marekani, ambazo zamani zilimruhusu mtu wa mbali kulipa ada ya mwaka na kuazima vitabu vya kidijitali, sasa zimefunga mlango huo, na zile zilizouacha wazi zinadai uthibitisho wa anwani ambao mtu wa Chake Chake hawezi kuutoa. Hukumu inayofuata huwa ya haraka. Huambiwa kwamba huo ni ubinafsi, kwa kuwa kitabu cha kidijitali hakichakai, hakipotei wala hakipakiwi melini, na ukimpa wa mbali hujampunguzia wa karibu. Methali nayo hutangulizwa: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tena mgeni huyu haji mikono mitupu. Mwaka 2022, maktaba ya Brooklyn, jijini New York, ilipotangaza kadi za bure kwa vijana wa Marekani wa umri wa miaka 13 hadi 21, ilieleza kwamba ada ya kawaida kwa mtu wa nje ya jimbo wakati huo ilikuwa dola 50 kwa mwaka. Tukikadiria dola moja kwa shilingi 2,500, hizo ni shilingi 125,000, na hapa kwetu si fedha ya kuokota.

Msomaji anayelalamika anastahiki kusikilizwa kwanza, kwani haja yake si anasa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 katika visiwa hivi, na rafu za Maktaba Kuu ya Maisara, hata zikipangwa kwa ustadi namna gani, haziwezi kufuata kila kinachochapwa duniani. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alipopewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, ilikuwa rahisi zaidi kwa mkaazi wa Houston kumwazima kwa simu kuliko kwa mtu anayeishi mitaa alimokulia mwandishi mwenyewe. Kisha mlango mmoja mkubwa ukafungwa. Septemba 2024 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko New York ilithibitisha kwamba Internet Archive, maktaba ya mtandaoni ya Marekani, ilivunja hakimiliki kwa kuskani vitabu vya karatasi na kuviazimisha bure mtandaoni, na kabla ya hapo vitabu zaidi ya 500,000 vilikuwa vimeshaondolewa katika huduma hiyo. Kwa wengi wetu huo ndio uliokuwa mlango ambao haukumuuliza mtu anakaa mtaa gani. Aliyefungiwa mlango wa bure akawa tayari kulipa badala ya kwenda kuchukua nakala za wizi zinazozagaa katika makundi ya simu, na uamuzi huo ni wa kiungwana. Hakuna haja ya kumwita mdoezi.

Hata hivyo, nadhani wakutubi wa ng'ambo wameonewa katika mazungumzo haya, na wameonewa kwa sababu hatukai kupiga hesabu zao.

Tuanze na suala la fedha hizo ni za nani. Maktaba ya umma ya Marekani, kwa sehemu kubwa sana, haiendeshwi na serikali kuu wala na mfuko wa wafadhili wa kimataifa. Inaendeshwa na kodi za wilaya au mji wake, na mara nyingi ni kodi ya majengo, ambayo mwenye nyumba huilipa akiiona katika hati ya madai. Pengine sisi tunaweza kulielewa jambo hili kuliko Wamarekani wenyewe, kwa kuwa tumeishi karne nyingi na wakfu. Mtu aliyeweka wakfu kisima kwa ajili ya watu wa mtaa wake hakuwa bakhili kwa kuwa hakuwataja wa mtaa wa pili, na msimamizi hana ruhusa ya kuligeuza sharti lake kwa sababu tu mpita njia ana kiu ya kweli. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zimo chini ya masharti ya namna hiyo, na hakuna anayeishangaa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inapouliza sharti lilikuwa nini. Hata katika tiketi ya boti ya kwenda Dar es Salaam, mgeni hutozwa zaidi ya mwenyeji, nasi tukitoa kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi hatujioni wabaguzi. Mkutubi wa Texas au Florida anapouliza anwani anauliza swali lile lile.

Lakini hoja ya wakfu ingekuwa dhaifu kama kweli kisima hakipungui maji. Hapo ndipo lawama yetu inapokosea, na ndipo ninapotaka kukaa zaidi.

Kitabu cha karatasi, maktaba ikishakinunua, ni chake. Itakiazimisha mpaka jalada ling'oke, na sheria ya Marekani inamlinda mwenye nakala aliyoinunua kihalali. Kitabu cha kidijitali hakinunuliwi. Maktaba hukodi leseni, na leseni ina umri. Mwaka 2011 kampuni ya uchapishaji ya HarperCollins iliweka ukomo wa kuazimishwa mara 26, kisha leseni hufa na kitabu hutoweka katika orodha mpaka kilipiwe upya. Macmillan, mchapishaji mwengine mkubwa, kwa miaka kadhaa kabla ya 2020, ilitoza maktaba dola 60 kwa leseni ya miaka miwili au kuazimishwa mara 52, lolote litakalotangulia, ilhali mnunuzi wa kawaida hukipata kitabu hicho hicho kwa dola kumi na kitu na kubaki nacho. Na katika leseni hizi nakala moja husomwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kuna foleni. Kitabu hakichakai, ni kweli, lakini mkataba wake unachakaa, na kila anayeazima anaukwangua.

Sasa tuzigawe zile dola 60. Miaka miwili ni wiki 104, na mtu akikaa na kitabu wiki mbili, basi kitazunguka mara 52 tu, pasipo siku hata moja ya kulala. Kila mara imegharimu dola 1 na senti 15. Hiyo ndiyo bei ya chini kabisa, bei ya kitabu ambacho foleni yake haikatiki hata siku ya Krismasi. Maktaba nyingi huazimisha kwa wiki tatu, na hapo mizunguko inashuka hadi 34 na gharama inapanda hadi dola 1 na senti 76. Niliwahi kulipa ada ya namna hii kwa miaka miwili, kwa hiyo sijitoi katika kundi. Nilipotazama kumbukumbu zangu za mwaka wa kwanza nilikuta nimeazima vitabu 61. Kwa hesabu ya chini niliigharimu maktaba ile dola 70. Kwa hesabu ya juu, zaidi ya dola 107. Nilikuwa nimelipa 50, na hapo sijahesabu mshahara wa mtu aliyenijibu barua pepe tatu nilipoisahau namba yangu ya siri.

Mtu anaweza kusema kwamba nimechagua mchapishaji mmoja na msomaji mmoja mlafi. Pingamizi hilo nimelipima, na linapunguza makali ya hesabu bila ya kuiangusha, kwa sababu swali la maana si msomaji wa wastani anaazima vitabu vingapi, bali ni nani anayefunga safari ya kutafuta maktaba umbali wa bahari mbili, akahangaika na kadi ya malipo ya simu inayokataliwa mara mbili, akatoa shilingi 125,000. Mtu wa vitabu vitatu kwa mwaka hafanyi hivyo. Kadi ya mgeni huchujwa na ada yenyewe, ikawabakisha wasomaji wakubwa kabisa, hao ambao kila mmoja huila ada yake kabla ya mwaka kumalizika. Kwa gharama ya dola 1 na senti 15, dola 50 hutosha vitabu 43. Kwa dola 1 na senti 76, hutosha 28. Baada ya hapo mwenye nyumba wa wilaya ile ndiye anayetulipia, bila ya kuulizwa.

Ipo hoja moja upande wa pili ambayo siwezi kuipita. Leseni inayohesabiwa kwa muda, tofauti na ile inayohesabiwa kwa mizunguko, hupotea bure siku zote ambazo kitabu kimekaa bila ya msomaji. Riwaya ya zamani iliyolala kwa miezi minane, akija mtu wa Wete akaiazima, haimpunguzii mtu yeyote chochote; kinyume chake, ada yake ni faida tupu, na hapo methali ya mgeni inatimia kwelikweli. Kama wageni tungekuwa tunasoma vilivyolala tu, ningekuwa upande wa lawama bila ya kusita. Tatizo ni kwamba hatuvisomi hivyo. Tunataka kile kitabu ambacho kila mtu anakitaka wiki ile, tunaingia katika foleni ya wiki kumi na mbili, na kila mmoja wetu aliye mbele ya mwenyeji anamwongezea mwenyeji wiki mbili au tatu.

Na yapo madhara mengine ambayo hayaonekani katika hesabu ya maktaba moja, nami nayaona mazito kuliko foleni. Julai 2019 mkuu wa Macmillan, John Sargent, aliwaandikia waandishi na mawakala wa kampuni yake barua ya kueleza kwa nini, kuanzia Novemba mwaka ule, kila mfumo wa maktaba ungeuziwa nakala moja tu ya kidijitali ya kitabu kipya katika wiki nane za mwanzo. Miongoni mwa sababu alizozitaja ni programu zinazomwezesha mtu kuazima bila ya kujali makaazi yake, pamoja na kuazima kutoka majimbo na nchi nyengine. Yaani sisi. Maktaba zilipinga, nyingine zikasusia kununua, na Machi 2020 kampuni iliuondoa mpango huo. Lakini mchapishaji ameshakionesha kisingizio chake. Mchapishaji huuza haki za kitabu kwa maeneo, Amerika ya Kaskazini kwa huyu, Uingereza na nchi za Jumuiya ya Madola kwa yule, na kila kadi inayovuka mipaka hiyo humpa sababu ya kudai leseni fupi zaidi na ghali zaidi. Gharama hiyo hailipwi na aliyevuka. Inamfikia mtoto wa mtaa maskini wa Brooklyn ambaye hana maktaba nyingine, na ambaye hajawahi kuisikia Pemba.

Kuhusu desturi ya kutumia anwani ya shangazi aliyeko Columbus au Minneapolis ili kupata kadi bila ya ada kabisa, sina mengi. Shangazi analipa kodi kwa ajili ya nyumba yake, na anwani yake si ya kuazimishwa.

Linalobaki ni namna ya kulipa bila ya kudhulumu, na hapa naona maktaba zilizobakisha mlango wazi zimeonesha njia ambayo wasomaji wetu wanaichukia bila ya sababu. Baadhi ya maktaba hizo humnyima mgeni vitabu vya kidijitali na kumbakishia huduma nyengine. Nyengine hutoza ada inayozidi dola 100. Zingekuwa ni zangu, ningechagua njia ya tatu, ya kumfungulia mgeni vilivyolala na kumweka nyuma ya foleni kwa vile vinavyogombaniwa. Msomaji wa Wete angepata riwaya zake za zamani kwa moyo mweupe, na anayetaka kitabu cha wiki hii angekinunua kwa dola 15.

Nalo suala la fedha zetu wenyewe lisifichwe. Watu kumi wa baraza moja wanaolipa dola 50 kila mmoja wanapeleka nje shilingi 1,250,000 kwa mwaka, na mwisho wa mwaka hawana hata karatasi moja ya kuonesha, kwa kuwa kadi ikikoma na vitabu vimekwenda. Kwa bei ya shilingi 15,000 kwa riwaya ya Kiswahili, hizo ni nakala 83 ambazo zingeweza kukaa katika kabati la skuli zikasomwa mpaka ziraruke. Silitaji hili ili kuwafunga watu katika lugha moja; mwanafunzi wa Tunguu anayehitaji kitabu kipya cha uchumi hatakipata katika kabati hilo. Nalitaja kwa sababu hesabu yetu ya ada imekuwa ya upande mmoja tu.

Kadi yangu ilipokoma sikuihuisha. Kitabu cha mwisho nilichokiazima nilikisoma kwa siku nne, nikakisahau ndani ya simu kwa siku kumi na saba zilizobaki, na nilipokuja kukitafuta tena, kwa udadisi tu, orodha ya maktaba ile ilionesha kwamba nakala hazipo tena na watu tisa wanasubiri leseni mpya inunuliwe.